Kutafuta Tendo Moja: Ninavyofanya Kazi Katika Barabara za Nairobi

(Hotuba iliyotolewa jijini Nairobi mbele ya wasanii chipukizi na wanafunzi wa sanaa za maonyesho. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Wazee wetu mlioketi mbele, walimu, wasanii wenzangu, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo? Itifaki imezingatiwa. Asanteni sana kwa kunialika.

Mlioniandikia mliniuliza msanii wa utendaji hukuaje, na hufanyaje kazi yake. Jibu langu ni fupi, kisha nitalizunguka. Kukua kwangu kumekuwa kupunguza. Nilianza na maneno mengi, mavazi mengi, wenzangu wengi jukwaani, taa na ngoma. Nikawa naondoa kimoja baada ya kingine mpaka ukabaki mwili wangu, kitu kimoja mkononi, na tendo moja ambalo mji huu unaweza kulijibu. Tendo ambalo mji hautalijibu, hata liwe zuri namna gani, mimi huliacha kwenye daftari.

Niseme mapema ninachokusudia, maana wapo hapa watu wa maigizo, watu wa densi na watu wa rangi. Katika kazi yangu simwigizi mtu mwingine. Natumia mwili wangu mwenyewe, mahali halisi, kwa muda halisi, mbele ya watu waliopo. Nikibeba mzigo, ni mzito kweli. Nikisimama saa nne, miguu inauma kweli, na anayenitazama anajua hivyo. Basi, hiyo ndiyo tofauti, na sitaki tugombanie majina.

Mimi ni mtoto wa tamasha za drama za shule, kama wengi wenu. Tamasha hizo zimekuwapo tangu 1959, na nadhani hakuna chuo cha sanaa nchini kilicholea wasanii wengi kuzishinda. Katika shairi la kukariri kwa kikundi nilijifunza kupumua pamoja na wasichana wengine thelathini, kunyamaza pamoja, na kumtazama mwamuzi usoni bila kutetemeka. Mwalimu wetu alikuwa akisema, "Msikimbilie mstari unaofuata, huu haujafika." Bado nalisikia neno hilo.

Baada ya shule nikaingia kwenye makundi yanayoigiza tamthilia zinazotahiniwa. Mnayajua maisha hayo. Mabasi ya shule yanapanga foleni nje ya Kenya National Theatre, wanafunzi wanajazana, asubuhi mnaigiza, mchana mnaigiza tena, wiki ijayo mnapakia mavazi kwenye matatu mnaelekea shule nyingine. Wapo wanaoidharau kazi hiyo. Mimi siidharau hata kidogo, ilinilisha na ikanifundisha. Wanafunzi walikuwa wameisoma tamthilia kiasi kwamba walitutangulia kutamka. Nikifungua mdomo, ukumbi mzima unamaliza sentensi yangu. Wenzangu walikasirika. Mimi nikaanza kuisubiri sauti ile. Katika somo la fasihi simulizi tulifunzwa habari za fanani, yaani msimulizi au mtendaji, na hadhira, kwamba kuna hadhira tuli inayokaa ikasikiliza na hadhira tendi inayoshiriki. Pale nikaona nini kinatokea hadhira tendi inapomnyang'anya fanani kazi yake. Nikajiuliza: itakuwaje nikitengeneza kazi ambayo haiwezi kukamilika mpaka wamenyang'anya?

Sikuwa peke yangu katika kutafuta. Kizazi kilichonitangulia kilikuwa kimeshafungua njia. Kuona Trust ilianza 1995 ndani ya Makumbusho ya Taifa, wasanii wakapata mahali pa kufanyia kazi wakiwa wamezungukwa na wenzao. Mwaka wa 1997, hapa hapa Nairobi, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la densi la Gàara, wakaonyesha kwamba mchezaji wa Afrika Mashariki anaweza kusimama jukwaani bila kulazimika kuwachezea watalii. Kisha 2003 kituo cha sanaa cha GoDown kikafunguliwa katika ghala la zamani kule Industrial Area, mchongaji akawa jirani ya mpiga ngoma na mchoraji jirani ya mchezaji wa densi. Ukuta ukiwa mwembamba, mnasikiana, na ukimsikia mwenzako anapiga nyundo siku nzima unaanza kuliona jukwaa kwa namna nyingine.

Sasa nije kwa walimu wangu hasa. Nitaanza na ambao hawakuwahi kujiita wasanii, nami sitawabatiza jina hilo leo.

Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikuwa umekusanyika nje ya kituo cha polisi cha mji huu ukidai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amekamatwa kwa kupinga kipande, kile kitambulisho Waafrika walicholazimishwa kubeba, kodi, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani mwa walowezi. Viongozi waliokwenda kuongea na serikali walirudi wakiwaomba watu watawanyike, na wanaume wakaanza kuondoka. Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake mbele yao, akawaambia waichukue, wampe yeye suruali zao. Umati ukarudi, ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilisema waliokufa walikuwa 21, na wenyeji wakasema ni wengi kuliko hao.

Miaka sabini baadaye, mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika kona ya Uhuru Park tunayoiita sasa Freedom Corner, wakaanza mgomo wa kutokula. Wangari Maathai alikuwa nao, na Monica Wangu Wamwere alikuwa mmoja wa akina mama hao. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na rungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo zao. Kila aliyelelewa katika nchi hii anajua uzito wa mama mzee kumwonyesha uchi wake mtu wa umri wa mwanawe: ni laana. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints na kukaa huko karibu mwaka mzima, mpaka wafungwa wengi walipoachiliwa mapema 1993.

Nimesoma habari za siku hizo mbili tena na tena, kama fundi anavyofungua redio ya mwenzake kuona waya umepita wapi. Nyanjiru alifanya tendo moja tu. Wale akina mama walifanya matendo mawili: kukaa, na kuvua. Mahali hapakuwa pa bahati nasibu, lango la polisi na bustani ya umma katikati ya mji. Tena tendo lilitoka ndani ya mila ambayo kila aliyekuwepo aliielewa bila kufafanuliwa. Askari alilielewa. Ndiyo maana liliuma. Msanii kijana akiniuliza aanzie wapi, huwa namwambia aende Freedom Corner akae chini saa nzima.

Lakini mji huu una upande wa pili, na mwanamke anayefanya kazi barabarani hawezi kuusahau. Novemba 2014 wanaume walimvua nguo mwanamke kwenye kituo cha matatu katikati ya jiji kwa kisingizio cha mavazi yake. Siku chache baadaye mamia ya wanawake waliandamana, wakitokea Freedom Corner ile ile. Kwa hiyo mwili wangu unapotoka nje kufanya kazi, unatembea kati ya historia hizo mbili. Kuna nguo iliyovuliwa na mwenyewe kwa nguvu zake, na kuna nguo iliyovuliwa na kundi. Kila ninachopanga lazima kipite hapo kwanza.

Katika walimu wa mbali nitawataja watatu.

Marina Abramović, mzaliwa wa Belgrade, alisimama katika chumba mjini Naples mwaka 1974 kwa saa 6. Mezani palikuwa na vitu 72, na waliofika waliruhusiwa kuvitumia juu ya mwili wake wapendavyo. Palikuwa na waridi, unyoya, makasi, na bastola na risasi yake. Walianza kwa upole. Baadaye walikata nguo zake, wakamjeruhi, na mmoja akamwelekezea bastola ile mpaka wengine wakaingilia kati. Watu husimulia kisa hiki wakishangaa ujasiri wake. Mimi hunifundisha jinsi kundi linavyogawanyika. Daima kuna anayechokoza, kuna anayekinga, na kuna wengi wanaongoja kuona nani atashinda. Ukiingia soko la Muthurwa bila kujua hilo, umeingia umefumba macho.

Wa pili ni Ingrid Mwangi, binti wa Nairobi, aliyezaliwa hapa 1975 akahamia Ujerumani akiwa kijana. Mwaka 2001 alitumia jua kuchora tumboni mwake. Alifunika sehemu ya ngozi, akaacha sehemu nyingine iungue, na zikatokea ramani, moja ya Afrika, nyingine ya Ujerumani. Jua na ngozi, hakuna zaidi. Nilipoiona picha ile nilijua kwamba maelezo marefu niliyokuwa nikiyaandika kuhusu asili yangu na lugha zangu yangeweza kukaa kwenye kiganja cha mkono.

Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote. Tehching Hsieh alizaliwa Taiwan mwaka 1950, akafanya kazi ya ubaharia, na 1974 akatoroka melini Marekani akaishi New York miaka mingi bila karatasi. Kuanzia Aprili 1980 mpaka Aprili 1981 alijipa kazi moja, kugonga kadi kwenye mashine ya saa, ile ya viwandani, kila saa inapogonga, usiku na mchana, mwaka mzima. Kila mara alijipiga picha moja. Alinyoa kichwa siku ya kwanza ili nywele zenyewe zihesabu muda. Mwaka una saa 8,760. Alikosa mara 133, na kila aliyokosa aliiandika pamoja na sababu.

Mtu aliyewahi kuamka saa kumi alfajiri kutembea kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru hadi lango la kiwanda Industrial Area haitaji kueleweshwa kazi ile. Anajua kadi. Anajua dakika tano zinavyokatwa kwenye mshahara. Hsieh alilichukua tendo la mfanyakazi na kulitenda kikamilifu mpaka likaonekana lilivyo. Kutoka kwake nimepata kanuni ninayoishikilia kuliko zote: sianzi tendo ambalo siko tayari kulifikisha mwisho, na nikilikatisha, naandika kwa nini.

Nimeombwa nieleze kazi yangu moja kwa undani, na nimechagua ile ya maji.

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Yakifika mjini, kuna mitaa ambayo bomba halikauki na kuna mitaa inayoishi kwa ratiba ya mgao na kwa mtungi. Anayenunua kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba. Hayo yote yamesemwa kwenye makala na kwenye mikutano. Sikutaka kuyasema tena. Nilitaka kupata tendo.

Huanza kwa kukaa. Nilichagua Muthurwa na Barabara ya Landhies, nikawa nakwenda asubuhi na jioni bila kamera wala daftari mkononi, nanunua chai, naketi na wauza vitunguu. Naangalia mikono. Naangalia watu wanabeba nini, wanakiweka wapi, wanapumzika wapi, wanamwambia nani "nisaidie kushusha." Mjini maji hubebwa kwa mkokoteni au kichwani. Lakini bibi yangu aliyabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwetu walivyobeba kuni. Nilipolikumbuka hilo, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: anayebeba mgongoni haoni mzigo wake. Wanaouona ni walio nyuma.

Hapo ndipo tendo likazaliwa. Mtungi wa lita 20, umetobolewa tundu dogo chini, mgongoni mwa mwanamke asiyeweza kuona maji yakimwagika. Kila mtu barabarani anaona isipokuwa yeye. Watafanya nini?

Kwenye daftari langu siandiki hisia wala maana. Naandika vitenzi. Kwa kazi hii palikuwa na ukurasa mzima mwanzoni: beba, imba, tembea, lia, mimina, usigeuke, gawa. Nikafuta kuimba, kwa sababu ukiimba watu wanakaa hadhira tuli. Nikafuta kulia, kwa sababu kulia kunawaambia wafikirie nini. Nikafuta kumimina na kugawa, kwa sababu hayo ni matendo ya mtu anayejua ana maji. Vikabaki vitatu: Beba. Tembea. Usigeuke.

Kisha kukawa na ufundi, na naomba mnivumilie hapa kwa sababu ufundi ndio nusu ya kazi. Ukitoboa mtungi kwa msumari mnene, maji yanakwisha kabla hujafika popote. Ukitoboa kwa sindano, hakuna anayeona. Na tundu liwe sawa vipi, kifuniko kikikazwa hewa haiingii, na baada ya muda mfupi maji yanakata yenyewe. Lazima kilegezwe kidogo. Tena maji hutoka kwa nguvu mtungi ukiwa umejaa na hudhoofika yanavyopungua, kwa hiyo mwanzo wa safari unaacha mstari mnene barabarani, na mwisho unaacha matone. Nilipenda hivyo. Mahesabu ya mchezo mzima yalikuwa ndani ya plastiki, sikuhitaji kuongeza chochote. Mafundi wa bati wa Kamukunji ndio walionichagulia msumari, baada ya kubishana wao kwa wao mpaka chai ikapoa.

Mwili nao huandaliwa. Kilo 20 kwa kamba ya paji la uso zinaweza kuiumiza shingo vibaya, kwa hiyo nilianza na lita tano, nikaongeza taratibu, chini ya uangalizi wa mama mmoja kijijini aliyebeba hivyo tangu utotoni. Alinirekebisha kifundo kwa kifundo. Zaidi ya hapo nina zoezi la kila siku ambalo halihusiani na kazi yoyote maalum. Nachanganya mchele na ndengu kwenye ungo, natenga punje moja moja mpaka ziishe. Wanafunzi wa Abramović hufanya zoezi la namna hiyo, na bibi zetu walichambua mchele jioni zote za maisha yao wakiwa wanazungumza, wanalea, na wanasikiliza nani anapita nje. Mimi nafanya ili niweze kuwa makini kwa muda mrefu bila kuchoka. Simu inakaa chumba kingine.

Sifanyi mazoezi ya tendo lenyewe mahali penyewe. Nafanya mazoezi ya mwili, ya kamba, ya pumzi, ya njia. Tendo nalihifadhi. Likifanywa kabla, siku yenyewe litakuwa igizo la siku ile nyingine.

Upande wa ruhusa, nitasema kwa haraka kwa sababu kila mtu huuliza. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanii katika Kifungu cha 33, na haki ya kukusanyika kwa amani katika Kifungu cha 37. Sheria ya mikutano ya hadhara inataka polisi wajulishwe angalau siku 3 kabla na si zaidi ya siku 14. Ukiona kazi yako inaweza kuvuta umati, andika barua, piga muhuri, tembea na nakala. Mimi hutembea nayo hata ninapokuwa peke yangu, kwa sababu askari wa kanjo, yaani wa jiji, akikukuta na mtungi uliotoboka hatataka mhadhara kuhusu sanaa. Tena huwa na wenzangu wawili kwenye umati, mmoja anaangalia magari, mwingine anaangalia watu. Tuna ishara yetu. Wakiitoa, kazi imekwisha papo hapo, wala hatujadiliani.

Basi siku ikafika. Nilianzia Landhies, nikapita Muthurwa, nikashika Barabara ya Haile Selassie, na nilikusudia kuingia Moi Avenue mpaka City Hall Way, nifike mbele ya City Hall, makao ya serikali ya jiji, na mtungi mtupu.

Hatua za kwanza hakuna aliyesema neno. Kisha makanga mmoja akapaza sauti, "Siste, maji inamwagika!" Sikugeuka. Akarudia. Mwingine akasema, "Hasikii huyo." Wa tatu akasema, "Anasikia, amechoka tu." Nyuma yangu kukawa na mabishano, na mimi ndiye niliyekuwa mada, kama sipo. Mtoto akatembea kwenye mstari wa maji kwa miguu mitupu. Mwanamume akaniambia kwa ukali nisimamishe upuuzi, watu hawana maji na mimi namwaga. Yule alinigusa kuliko wote, kwa sababu alikuwa na haki kabisa, na kazi haikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kuendelea kutembea mbele yake.

Karibu na tunapovuka kuelekea Moi Avenue, hamali mmoja aliegesha mkokoteni wake. Hakuniuliza kitu. Alitoa kipande cha sabuni ya kufulia, akakifinyanga kwa kidole, akaziba tundu. Kila mtu wa mji huu anajua sabuni huziba mtungi. Akanipiga begani mara moja, akasema, "Haya, mathe, enda sasa." Akarudi kwenye mkokoteni wake.

Mwenzangu aliyekuwa akiangalia watu alinitazama akingoja nitoe uamuzi. Kazi kama nilivyoipanga ilikuwa imekwisha, maji hayamwagiki tena. Lakini vitenzi vilikuwa vitatu tu. Beba. Tembea. Usigeuke. Hakuna hata kimoja kilichosema mwagika. Kwa hiyo niliendelea, nikiwa na karibu nusu mtungi mgongoni, mzito, salama, umezibwa na mtu nisiyemjua.

Sikufika City Hall. Pale kituo cha mabasi cha Kencom vijana wanaolala mitaani waliniona, wakaomba maji. Walikuwa wamenifuata kwa umbali fulani, kumbe wakingoja nipumzike. Wakanisaidia kushusha, wakanywa, wakanawa uso, mmoja akaosha kaptula yake pale pale kando ya barabara mpaka mtungi ukaisha. Watu waliokuwa wakingoja mabasi walitazama. Wengine walichukua video. Mimi nilikaa chini, kwa sababu shingo ilikuwa inauma.

Walimu wengine wa sanaa wangeniambia kwamba ilinipasa kuilinda kazi, kumkataza yule hamali. Nakataa kabisa. Kama sanaa yangu haiwezi kumvumilia mtu mwenye sabuni, basi nisiipeleke barabarani, niifungie ukumbini. Na hapa naona tofauti yangu na walimu wangu wa mbali, kwa heshima zote. Abramović alikaa katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa mjini New York, mwaka 2010, zaidi ya saa 700, akitazamana na wageni kimya kimya, na jumba lile lilimzunguka na walinzi, mistari sakafuni na kanuni. Nairobi haina kimya cha namna hiyo. Hapa mtu atakusemesha, atakusaidia, atakukaripia, atakuuzia maandazi. Nimeacha kulichukulia hilo kama kikwazo. Ndicho kitu cha kwanza ninachokihesabu.

Siku inayofuata hurudi mahali pale nikiwa na nguo za kawaida. Nanunua vitunguu, nakaa, nasikiliza. Wakinitambua tunaongea. Wasiponitambua, wakati mwingine husikia kazi ikisimuliwa, na imeshabadilika. Muthurwa walisema mwanamke yule alikuwa ameweka nadhiri. Wengine walisema alikuwa anatafuta kura. Nayaandika yote. Kwangu huo ndio uhifadhi wa kwanza wa kazi, na picha zinafuata. Mpiga picha wangu huwa mmoja, yumo ndani ya umati, hana fulana yenye maandishi. Akiwa mbele yangu na kamera kubwa, watu wanampigia yeye pozi.

Kuhusu pesa: kazi hii haiuziki kama mchoro. Bado naigiza tamthilia za shule msimu ukifika, nafundisha warsha, na picha chache zimenunuliwa. Msidanganywe na mtu yeyote kwamba itawalipa kodi ya nyumba mwaka wa kwanza. Lakini msidanganywe pia kwamba ni anasa. Msumari, kamba na mtungi vilinigharimu chini ya nauli ya mwezi.

Nimalizie na kazi iliyoko mezani sasa, maana haijaiva na ningependa maoni yenu. Kila mwezi wa kwanza, wanafunzi wanaporipoti shule za bweni, vituo vya mabasi hujaa masanduku ya bati. Yale meusi, yenye kufuli, yaliyotoka kwa mafundi wa Kamukunji. Nimekuwa nikikaa kule tena, nyundo zikilia, nikitazama bati likikunjwa. Kila sanduku linaondoka na mtoto, na mzazi anabaki kituoni mikono mitupu. Wazazi wengi hawajui wafanye nini na mikono ile. Nimewaona wakiiweka mfukoni, wakiitoa, wakiirudisha tena.

Daftari langu lina vitenzi vitatu: kubeba, kufungua, kukaa juu yake. Nikibeba na kufungua, watu watataka kujua ndani kuna nini, na sitaki iwe kazi ya kilichomo ndani. Nikikaa tu, huenda wakanipita wakidhani ni msafiri kama wao, na pengine hilo ndilo ninalolitaka. Mmoja wenu aliyewahi kusindikizwa na sanduku hilo, au aliyemsindikiza mwanawe, aniambie kingetoka kipi. Tuna muda wa maswali mpaka saa kumi na moja, na kipaza sauti kiko kwa yule dada pale kando.